Pumzi na Hasira

Moyo hauniulizi upige lini, wala ini halingoji amri yangu. Lakini pumzi ina mabwana wawili: nikilala hujiendesha, nikiwa macho naweza kuitawala. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, akighadhibika huhema. Akishusha pumzi polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua. Kwa hiyo naona kwamba asemaye "hasira zilinishinda" alikuwa na mlango wa kutokea ambao hakuutumia.

Hata hivyo, tusimwambie aliyedhulumiwa ashushe pumzi ili tu anyamaze. Utulivu haufuti dhuluma. Kazi yake ni kumpa mwenye haki sauti isiyotetemeka ya kuidai.