Utu na Mtu: Udhahania katika Lugha na Fasihi

Udhahania kwa kawaida hufafanuliwa kuwa tendo la akili la kuitenga sifa na vitu vinavyoibeba: weupe huondolewa kwenye maziwa na chokaa, ukafikiriwa peke yake. Plato aliziweka dhana hizo mbali na vitu. Aristotle akashikilia kwamba umbo limo ndani ya kitu chenyewe. Mjadala huo una upande wa kimaadili ambao haujazingatiwa vya kutosha: je, dhana iliyotokana na watu ina haki ya kuwahukumu watu?

Neno utu ni mfano mwafaka. Shina -tu likichukua kiambishi m- hutaja kiumbe. Likichukua u- hutaja hali ya kuwa kiumbe huyo. Kiambishi hicho kimo pia katika unga na uji; kwa hiyo sarufi ya Kiswahili haikuujengea udhahania nyumba ya peke yake. Katika matumizi, hata hivyo, uhusiano huo hupinduka. Anayesema "Fulani si mtu" hakanushi mwili anaouona, bali anampima mwenye mwili huo kwa utu na kumwona amepungukiwa. Lawama hiyo ni ya haki maadamu inamtaka mkosaji arejee. Ikimfungia mlango, inakuwa hatari, kwani aliyekwisha kuvuliwa utu kwa neno ni rahisi kudhulumiwa kwa tendo. Nchini Rwanda, katika mauaji ya mwaka 1994, Watutsi waliitwa mende.

Fasihi nayo imelikabili tatizo hili. Katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo cha Shaaban Robert mwaka 1962, dhana yenyewe imefanywa jina la mhusika. Inaweza kudaiwa kwamba mhusika wa namna hiyo ni kivuli cha maadili tu, na dai hilo lina uzito: Utubora ni mwema kupita kiasi cha binadamu wa kawaida. Hata hivyo, neno la pili la anwani halina budi kusomwa pia. Mkulima ana jembe, ana msimu, ana majirani. Utubora anapoiacha kazi ya mjini na kushika shamba, wema wake unapata mahali pa kupimwa kwa vitendo.

Hivyo basi, kosa la udhahania si kutengana na vitu, kwani bila kutenga hakuna kufikiri. Kosa ni kutorejea. Utu unaostahili jina hilo humdai mtu wajibu. Haumnyang'anyi umtu wake.