Kulikana Neno la Mwenye Elimu

Wasomaji wetu, je, ni haki mtu kulikana neno la mwenye elimu, naye hawezi kuonyesha kosa lenyewe liko wapi?

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya namba alizosema kuwa ni tasa, yaani hazigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mojawapo hupatikana hivi: zidisha 2 kwa 2, na tena kwa 2, hata zitimie 2 sitini na saba, kisha toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mersenne mwenyewe alikuwa amekiri ya kuwa kuipima namba ya tarakimu 15 au 20 ni kazi isiyotoshewa na wakati wo wote. Na hii ina tarakimu 21! Hatusemi kwamba alidanganya. Lakini alinena kuliko alivyopima, na neno lake likakaa miaka 232.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, aliijaribu kwa kanuni ambayo namba tasa za namna hii hazina budi kuifuata. Hii haikuifuata. Basi si tasa. Lakini yagawanyika kwa namba gani? Lucas hakuweza kusema. Pengine msomaji ataona huko ni kushitaki pasipo shahidi. Sisi hatuoni hivyo. Tukiambiwa ya kuwa mbuzi wa zizini ni wa ndugu wawili, kila mmoja idadi sawa na mwenziwe, nasi tukahesabu 41, twajua mara moja kwamba neno hilo si kweli, ijapokuwa hatujui mbuzi ye yote ni wa nani.

Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu huko New York, Frank Nelson Cole aliandika ubaoni 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha, na jibu likawa namba ile ile. Husimuliwa kwamba hakunena hata neno moja, na kwamba kuzitafuta namba hizo mbili kulimchukua Jumapili za miaka mitatu. (Kama yafaa kuzitumia Jumapili hivyo, twawaachia wengine waamue.)

Lucas alikuwa amesema kweli miaka 27 kabla yake, wala Cole hakuiongeza kweli hiyo hata chembe. Alichotoa ni kitu kingine: tangu siku ile mtoto ajuaye kuzidisha hana haja ya kumwamini Mersenne, wala Lucas, wala Cole, wala sisi. Hesabu hiyo tumeifanya wenyewe kwa kalamu. Mara ya kwanza tulikosa tarakimu moja katikati. Mara ya pili ikatimia.