Deni Lililokwisha Kuhukumiwa

Neno la kusoma: Mathayo 5:23–26



Pamba ikiisha kuuzwa na fedha kuonekana mikononi, hapa Sola madeni nayo huamka. Lakini liko deni ambalo wengi wetu twapenda kuliacha lilale, yaani lile ambalo Mahakama ya Mwanzo ililitolea hukumu zamani.

Tuchukue mfano. Mtu alichukua kwa mkopo ng'ombe wawili wa kulimia. Mvua ikakataa, asilipe. Akashitakiwa, akashindwa, akaamriwa kulipa. Mdai hakumfuata upesi, na miaka ikapita. Leo wote wawili husali kanisa moja. Mmoja akiketi kulia, mwenzake huketi kushoto. Na Jumapili ya Ushirika Mtakatifu mdaiwa hutafuta safari. Karatasi ya hukumu i mahakamani, lakini imeketi pia kati yao kanisani.

Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tusidhani kwamba hukumu ya zamani imekufa. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa mdai miaka 12 ya kuomba hukumu ikazwe, na madai ya kimila yana kanuni zake. Tena, hata muda huo ukiisha, kilichofungwa ni mlango wa mahakama tu. Ng'ombe wa jirani hawajarudi zizini mwake. Zaburi ya 37 humhesabu pamoja na waovu mtu akopaye asirudishe, wala haisemi ni baada ya miaka mingapi dhambi hiyo hugeuka kuwa haki.

Pili, Bwana wetu atuagiza tupatane na mshitaki tungali njiani. Basi mdaiwa na aende mahakamani, aulize jalada lake, asomewe hukumu, ajue kiasi kilichobaki. Kisha amwendee mdai wake pamoja na mzee mmoja wa kanisa, aseme kweli ni nini awezacho kutoa msimu huu na msimu ujao. Mahakama yaweza kuruhusu deni lilipwe kwa mafungu. Kila alipapo apewe stakabadhi, na mahakama ijulishwe, kwa maana malipo ya pembeni ambayo hakimu hayajui yaweza kudaiwa mara ya pili.

Tumkumbuke yule mjane katika 2 Wafalme 4. Elisha hakumshauri kumkimbia aliyemwia. Alimwambia auze mafuta, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa yaliyobaki. Mungu aliponya nyumba ile, na mwenye haki akapata haki yake.

Tatu, tuseme na mdai. Katika Kumbukumbu la Torati 24, Musa alikataza jiwe la kusagia lisichukuliwe rehani, na mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mwenzake, bali angoje nje. Sheria ya nchi yetu ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 yafuata njia hiyo hiyo: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, kitanda, vifaa vya kazi, hata ng'ombe na mbegu ambazo mkulima hawezi kuishi bila hizo, havikamatwi. Kwa hiyo, ndugu mdai, dai fedha yako, lakini usidai uhai wa nyumba ya mtu.

Nawe ukiweza kusamehe, yote au sehemu, kumbuka yule mtumwa wa Mathayo 18 aliyesamehewa talanta elfu kumi, akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Lakini sisi wengine tusilitumie neno hili kumsukuma mjane aache haki yake. Msamaha ni zawadi ya anayedai. Anayedaiwa hawezi kujipa mwenyewe.

Wapendwa, Wakolosai 2:14 yatuambia kwamba Kristo aliiondoa hati iliyotushitaki, akaigongomea msalabani. Mtu aliyefutiwa hati kubwa namna ile, kwa nini aiogope karatasi ndogo ya mahakamani? Kabla ya Ushirika ujao, mmoja na avuke kutoka kushoto kwenda kulia, amwambie mwenzake: “Ndugu yangu, lile deni nalikumbuka. Tukae tuzungumze.”

Tuombe: Ee Bwana, utupe ujasiri wa kukiri tunachodaiwa, na moyo wa huruma katika tunachodai, ili tuijie Meza yako kwa amani. Amina.