Haja na Dhiki katika Uchaguzi wa Biashara

Mtu anayetaka kuanza biashara hujiuliza kwanza kama italeta faida. Swali hilo ni halali, wala hapana sababu ya kumfanya mwulizaji aone haya. Mfanyabiashara asiyetazama faida ni sawa na nahodha asiyetazama upepo: nia yake njema haitafikisha jahazi bandarini. Walakini liko swali jingine nyuma ya hilo, nalo aghalabu huulizwa kwa kuchelewa, baada ya mtaji kwisha au baada ya watu kuumia. Wazo la biashara likisemwa kuwa ni zuri, ni zuri kwa nani? Kwa aliyelitunga, kwa mnunuzi, kwa mfanyakazi, au kwa yule aliyetoa fedha zake bila ya kuelezwa zaendako? Nadhani swali hili ni la maadili kabla ya kuwa la hesabu.

Vijana wanaohitimu katika vyuo vyetu huambiwa kwamba kazi za kuajiriwa ni chache, basi wajiajiri. (Ushauri huu, aghalabu, hutolewa na watu wenye mishahara.) Kijana huondoka na neno hilo akaenda kutafuta wazo, na mara nyingi huazima la jirani. Mmoja akifuga kuku wa mayai akapata, mtaa mzima hufuga kuku, hata bei ya mayai ikashuka na bei ya chakula cha kuku ikapanda. Mwingine hudai kwamba ameitiwa na moyo wake, naye huona kila dalili kuwa inamuunga mkono. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapana ngozi ivutikayo kwa urahisi kama makisio ya faida yaliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuamua.

Mfano mkubwa katika nchi yetu wa wazo lililochaguliwa vibaya ni mradi wa karanga wa Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mmoja wa wakuu wa kampuni ya United Africa Company, alipendekeza kwamba karanga zilimwe kwa mashine, juu ya ardhi kubwa, katika Afrika ya Mashariki. Tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika, ilizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari yake ikiwa kwa ndege, ikarudi na taarifa iliyojaa matumaini. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake zikiwa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mwaka ule zilitarajiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikupita 7,500 hivi. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mradi ule, na hasara ilikuwa yapata pauni milioni 36.

Yafaa tutulie kidogo juu ya sababu, maana somo limo ndani yake. Karanga huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake huinama na kupenya udongoni, na punje hukomaa humo. Kwa hiyo yataka udongo mlaini wakati wa kupenya, na mlaini tena wakati wa kung'oa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi: mvua ikikoma hukauka ukawa mgumu kama tofali. Mizizi ya vichaka na mibuyu ilivunja matrekta, na mengine katika hayo yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vyombo vya shamba. Juu ya hayo yote, mvua haikuja kwa kadiri iliyoandikwa katika taarifa.

Basi, ni nani angeweza kuwaambia kwamba mvua ya Ugogo haiaminiki? Mgogo yeyote mwenye mvi. Njaa kubwa waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1918 hadi 1920, ilikuwa bado katika kumbukumbu za watu wazima wa siku zile. Wenyeji walipanda mtama na uwele, mimea ivumiliayo ukame, na akiba yao waliiweka katika ng'ombe, ambao waweza kuhamishwa mvua ihamapo. Hayo hayakuwa ushamba. Yalikuwa hitimisho la majaribio ya vizazi vingi, na aliyeyafanya alikuwa amelipa gharama zake kwa maisha. Ujuzi huo ungepatikana kwa bei ya kuketi chini ya mti na kusikiliza. Baadaye Kongwa ikawa mahali pa ranchi, na wanyama waliofugwa humo ni ng'ombe.

Kosa la watu wale si kutojua. Kutojua ni hali ya kila mwenye kuanza jambo. Kosa lao ni kutouliza, ilhali hasara ingeangukia watu wengine. Aliyependekeza hakulipa, waliolipa ni watoa kodi wa Uingereza. Na watu wa kusini walijengewa bandari ya Mtwara, pamoja na reli ambayo mzigo wake mkuu ulikuwa ni karanga zisizopatikana. Reli ile ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu akihatarisha fedha zake peke yake, uzembe wake wa kuchunguza ni upumbavu tu. Akihatarisha za wengine, uzembe uleule hugeuka kuwa dhuluma. Wajibu wa kuchunguza hukua kwa kadiri ya sehemu ya wengine katika hatari, nayo ndiyo sababu ya kwanza ya kusema kwamba uchaguzi wa biashara ni jambo la maadili.

Yamkini msomaji atajibu: kumbe dawa ni kujaribu kidogo kwanza. Ni kweli, lakini haitoshi. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka katika miche hiyo yalitokea mashamba ya Tanga, Pangani, Korogwe na Morogoro, hata Tanganyika ikawa ya kwanza ulimwenguni kwa kutoa mkonge. Tukipima kwa kipimo cha Kongwa, hapa pana mfano bora: mmea ulijaribiwa, nao ukapatana na nchi. Walakini mkonge ulitaka mikono mingi ya kukata, na mikono hiyo haikutoka Tanga. Ilitoka Kigoma, Songea na Urundi. Ilikuwa mikono ya manamba waliosafiri mwendo mrefu kwa mikataba. Wengi wao walisukumwa na kodi ya kichwa ambayo serikali iliitaka kwa fedha taslimu kutoka kwa watu waliokuwa na nafaka na mifugo lakini hawana fedha. Wazo lilipata wanunuzi na ardhi. Upande wa wafanyakazi lilisimama juu ya mtu asiye na njia nyingine. Kufaulu kwake hakuwezi kulitetea juu ya jambo hilo.

Hapa nataka kutenga maneno mawili ambayo lugha yetu huyaweka karibu, nayo ni haja na dhiki. Soko haliyatengi. Kwa muuza, mtu mwenye haja na mtu mwenye dhiki ni wanunuzi wawili tu, na mara nyingi yule wa pili hulipa upesi zaidi na hubishana kidogo juu ya bei.

Mwaka 2005 ilianza kujaribiwa nchini Kenya njia ya kulipa mikopo midogo kwa simu ya mkononi, chini ya kampuni za Safaricom na Vodafone. Watu wachache waliopewa chombo kile hawakuishia katika kazi waliyopangiwa. Walianza kupelekeana fedha wao kwa wao. Wenye mradi walikuwa na akili ya kutosha kuliweka kando wazo lao la kwanza na kulifuata la wateja wao. Machi 2007 M-Pesa ikatangazwa kwa watu wote kuwa ni njia ya kupeleka fedha nyumbani. Kazi hiyo ilikuwapo siku zote. Kabla yake mtu wa mjini alimkabidhi bahasha utingo au dereva wa basi, akamwomba Mungu. Hii ndiyo haja: mama akipokea fedha, jambo limekwisha, na aliyetuma hakubaki na upungufu zaidi ya ushuru wa kutuma.

Katika simu zilezile ilizuka biashara ya pili, ya mikopo ya haraka itolewayo kwa dakika chache bila ya rehani. Wateja walikuja kwa wingi, na hapana aliyewalazimisha. Lakini baadhi ya wakopeshaji walichukua majina yaliyohifadhiwa katika simu ya mdaiwa, wakawapigia ndugu zake na mwajiri wake ili aibu imlipishe, na wadaiwa wengine walikopa huku ili walipe kule. Kenya ilitunga sheria mwaka 2021 ya kuwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu. Kipimo ninachokiona ni hiki: hali ya mnunuzi ikitengenea, je, muuzaji hupata zaidi au hupata pungufu? Ikiwa mteja aliye bora kwako ni yule anayezidi kuzama, basi biashara yako haihudumii haja; inailisha dhiki ili isife.

Naweza kupingwa kwa mfano wa seremala wa majeneza, ambaye hula kwa misiba ya watu. Pingamizi hilo lina ladha, lakini haligusi shabaha. Seremala hakuleta mauti, wala ubao wake hauongezi vifo. Kadhalika mganga wa haki hula kwa maradhi, naye hujitahidi mgonjwa aondoke asirudi. Mganga wa kulaumiwa ni yule atoaye dawa ya kumrejesha mgonjwa kila wiki.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mtu mzima ana hiari yake, wewe ni nani hata umchagulie? Hapo sina jibu la kukata mara moja. Sipendi dunia ambamo muuza duka huwa mlezi wa wateja wake, akawahukumu kwa sukari wanayonunua. Hata hivyo hiari yapungua kadiri dhiki inavyozidi, na mfanyabiashara hodari huijua kadiri hiyo kuliko mtu yeyote, maana ndiyo anayoitumia kupanga bei. Hawezi kuijua asubuhi anapohesabu faida, kisha jioni anapoulizwa akasema kwamba wateja wake walikuwa huru kabisa. Ama ile hoja ya kwamba nisipofanya mimi atafanya mwingine, hiyo yaonyesha tu kwamba kosa litatendeka. Haionyeshi kwamba latakiwa kutendwa na mimi.

Tuchukue sasa kijana mmoja wa kufikiriwa. Amehitimu, baba amestaafu na kumpa sehemu ya kiinua mgongo chake, na wadogo zake wawili wamo shuleni. Mbele yake yako mawazo mawili. La kwanza ni kufungua chumba cha kuchezea kamari za mpira karibu na kituo cha basi, ambapo vijana wa bodaboda hungoja abiria na fedha za kutwa zi mifukoni. Faida yake ni dhahiri. La pili ni mashine ya kusaga nafaka katika kijiji ambacho wanawake wake huenda mbali na debe kichwani; faida yake ni ndogo na umeme hukatika. Kwa hoja nilizozitoa hapana shaka juu ya lipi la kuchagua. Lakini uchaguzi huo una gharama, nayo haimwangukii yeye peke yake. Akiketi kupiga hesabu bila ya kujidanganya, huenda akaona kwamba ada ya mdogo wake mmoja itachelewa muhula mzima. Baba atambuliwe hivyo, kwa kuwa fedha ni zake. Na yule mdogo naye aketishwe aelezwe, apewe nafasi ya kukasirika na kuuliza maswali, kabla mashine haijanunuliwa.