Bao la Marehemu Si Pambo

Wiki hii nimeliona bao la marehemu jirani yetu limetundikwa ukutani, kwenye mapokezi ya hoteli moja ya Mji Mkongwe, na tangu hapo halinitoki moyoni. Nililitambua kabla sijalisogelea. Ni la mninga, lina ufa mwembamba pembeni, na shimo la nyumba, upande aliozoea kukaa mwenyewe, limelika kwa vidole hadi pembe zake nne zimeviringika. Kete zimemiminwa kwenye bakuli la kioo mezani. Mtoto wa mgeni mmoja alichota mbili tatu, akaondoka nazo, na hakuna aliyemzuia, maana hakuna pale aliyejua kwamba zinatakiwa 64. Komwe nyingine zinaokotwa, najua. Zile zilikuwa zimesuguliwa na viganja vya watu wazima miaka na miaka, mpaka zikawa zinateleza kama shanga.

Kijana wake nilipomuuliza alinijibu kwa adabu: "Ami, sisi hatuchezi. Lingekaa stoo likaliwa na mchwa. Wametupa pesa nzuri, tukagawana."

Hakuiba, hakudhulumu. Shamba lilijadiliwa, nyumba ikajadiliwa, hata baiskeli ya marehemu ilipata msemaji. Bao halikutajwa na mtu mpaka alipokuja mnunuzi.

Marehemu alikuwa fundi. Bao la kiswahili huanza kwa namua: kila mchezaji ana kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi za kuingiza moja moja. Yeye, kabla hajafika mtaji, hatua inayofuata kete za mkononi zikiisha, alikwisha kuona mchezo unaelekea wapi, lini ailinde nyumba yake na lini aivunje. Elimu hiyo hakuiandika popote. Aliitoa kwa kukaa na mtu upande wa pili, alasiri baada ya alasiri, akimrudisha kwa ukali mzuri kila alipokosea kutakata. Waliokaa upande ule wapo hai, wanajulikana kwa majina na kwa nyumba zao. Hakuna aliyewauliza. Sasa baraza yetu imebaki na dhumna.

Wala si sisi peke yetu. Sid Sackson, mbunifu maarufu wa michezo wa Marekani aliyefariki mwaka 2002, aliijaza nyumba yake ya Bronx, New York, michezo iliyokadiriwa kufikia 18,000. Ikapigwa mnada, ikatawanyika. Shajara zake ndizo zilizopata pa kukaa, kwenye jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester. Nashukuru kwa shajara. Ila mkusanyiko ule ulikuwa akili ya mtu mmoja iliyopangwa kwenye rafu, na ukishatawanywa haurudi.

Tuyapeleke makumbusho basi mabao yetu? Yale ya kale sana, yenye nakshi, sawa. Bao la barazani likiwekwa nyuma ya kioo linapona na mchwa tu. Mchezo wenyewe unakufa vile vile.

Mtu ataniambia: mali ya maiti ni ya warithi, wewe jirani inakuhusu nini? Sibishani na mirathi. Lakini sheria hiyo hiyo imemwachia Mwislamu theluthi ya mali yake awausie wasio warithi wake, na bao, hata liwe zuri vipi, halifiki popote katika theluthi hiyo. Tunaandika wasia wa pesa za msikiti na wa kisima. Karatasi ile ile ina nafasi ya mstari mmoja zaidi: bao langu apewe fulani, niliyekuwa nikicheza naye. Kwa maoni yangu huyo fulani ana haki nalo kuliko mtoto ambaye hajapata kuligusa, na mzee asiyemtaja anamwachia mwanawe kazi ya kukisia.

Na pale ambapo hakuna wasia, wenzake wa barazani wasikae kimya kwa kuona haya msibani. Eda iishe, waende kwa warithi, wachange bei ambayo mfanyabiashara angetoa, walipe taslimu, na kete zihesabiwe mbele ya wote zitimie 64 kabla bao halijatoka nyumbani.