Tajiri Asiye na Mlango



Mmekwisha kusikia mara nyingi habari za tajiri na Lazaro katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 16. Sisi walimu wa dini tunapoieleza, twazoea kutazama mavazi ya tajiri na karamu zake. Leo nataka tuutazame mlango wake, pale alipolala yule maskini mwenye vidonda.

Juzi mtoto mmoja wa mwaka wa tano aliniuliza: «Mwalimu, je, ni dhambi kulala katika hoteli nzuri?» Alikuwa ameona picha za hoteli za matajiri wakubwa, wale wasafirio kwa ndege zao wenyewe. Nilimjibu kwamba kitanda laini si dhambi. Bwana wetu alikaribishwa nyumbani kwa Zakayo, naye alikuwa tajiri. (Na mimi, nisiwadanganye, ningepewa usiku mmoja mle nisingekataa.) Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani.

Tazameni basi jinsi wageni wale wanavyosafiri. Mwaka 2015 kampuni ya hoteli iitwayo Four Seasons ilianza kuwachukua wageni kwa ndege yenye jina lake, ya aina ya Boeing 757. Ndege ya aina ile yaweza kupakia watu karibu 200. Wao waliweka viti 52 tu. Safari ya kuizunguka dunia, majuma matatu na zaidi, hoteli hadi hoteli, ilizidi dola 100,000 kwa kila mtu. Huko Fiji, kisiwa kizima cha Laucala kimefanywa hoteli: nyumba 25 za wageni, na uwanja wake wenyewe wa ndege. Mgeni hushuka, hupokewa kwa heshima, huingia chumbani. Hapiti sokoni, hapiti njia panda, hapiti mbele ya kanisa. Watumishi wapo, nao wapata mshahara wao, na jambo hilo ni jema, lisidharauliwe. Lakini mtumishi humjia amekwisha kuoga, amevaa nguo safi, anatabasamu. Mama yake mgonjwa hayuko pale.

Yule tajiri wa Injili, kila alipotoka, alimpita Lazaro. Hata jina lake alilijua, kwa maana huko katika mateso alimtaja kwa jina. Tajiri wa kisiwani atamtaja nani?

Msidhani kwamba mambo hayo ni ya mbali. Sisi Wakongo tuliyaona kwetu. Huko Gbadolite Rais Mobutu alijijengea majumba ya marmari, na hoteli ya wageni, na uwanja wa ndege wenye njia ya mita 3,200 hivi, ili hata Concorde, ndege iliyoipita sauti kwa mbio, iweze kutua katikati ya msitu. Wageni walishuka, wakala, wakarudi kwao, na barabara za nchi zilikuwa zikiliwa na mvua. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu aliondoka huko kwa ndege ya mizigo, askari wakiipiga risasi. Majumba yakaporwa. Naye akafa Rabat, katika nchi ya Moroko, tarehe 7 Septemba mwaka uleule.

Sasa nitasema neno la aibu. Mbele ya kanisa letu hukaa mjane mmoja mzee. Tangu Pasaka sikuwa na kitu mfukoni, nami nilichoka kumwambia «Mama, leo hakuna». Nikaanza kupita njia ya nyuma, katikati ya shamba la mihogo, na kuingia kwa mlango wa sakristia. Nilijiambia kwamba ni njia ya mkato. Nikawafundisha watoto habari za Lazaro, na viatu vyangu vina udongo wa shamba lile. Uwanja wangu wa ndege ulikuwa huo.

Jumapili iliyofuata swali la mtoto yule nilipita mbele. Sikuwa na kitu cha kumpa. Mama yule alinishika mkono, akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa, kwa kuwa hakuniona siku nyingi. Akasema kwamba kila jioni alikuwa akiniombea.