Kumbe Mizani Ipo

Nilikuwa darasa la sita mwaka 1996, na kazi yangu kila jioni ya msimu wa korosho ilikuwa kushika mdomo wa gunia. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na duka kijijini kwetu Newala, huku juu ambako maji ni shida na mikorosho imejaa. Aliuza unga, chumvi, mafuta ya taa, sabuni za mche na doti chache za khanga alizozitundika mlangoni. Juu ya meza palikuwa na mizani ya sahani mbili na mawe yake: la kilo, la nusu, la robo. Chini ya meza palikuwa na bakuli la bati lenye maua mekundu. Mizani ilikuwa ya kuuzia. Bakuli lilikuwa la kununulia.

Kwa msomaji asiyeijua kusini, nieleze. Januari hadi Machi huku kwetu ni miezi ya njaa. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, mapya hayajakomaa, na korosho hazitaanza kuanguka mpaka Septemba au Oktoba. Mtu mwenye watoto watano na chungu kikavu habishani bei. Anakwenda kwa mwenye duka, anachukua fedha au unga, na anaahidi korosho ambazo mti wake haujatoa hata ua. Msimu ukifika analipa kwa bakuli, na bakuli moja linahesabiwa kilo moja. Biashara hiyo ndiyo kangomba. Kagera, kahawa ikinunuliwa ingali mtini huitwa butura. Wakulima wa viazi na vitunguu wanaijua lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu na bado likalipwa kama gunia moja.

Jioni moja ya Novemba mstari ulikuwa mrefu, watu wamekaa juu ya mizigo yao. Mama alikuwamo, na viroba viwili vya korosho alizozianika vizuri na kuzichambua mwenyewe. Zamu yake ilipofika, mjomba alimsalimia, akainama kama kawaida yake kulichukua bakuli, kisha mkono ukaishia njiani. Akainuka. Akaivuta mizani mbele, akapanga mawe, akampimia dada yake kilo kwa kilo bila kumpunja hata korosho moja.

Nyuma ya mama alisimama bibi mmoja, mjane, jirani yetu. Alikuwa amekopa unga tangu Februari. Aliitazama mizani, akamtazama mjomba, wala hakupandisha sauti.

"Kumbe mizani ipo, mwanangu."

Mjomba hakujibu. Alimpimia yule bibi kwa mizani, na waliofuata wote vilevile, mpaka kiza kikaingia tukawasha karabai. Tulipofunga duka akaniambia nilijaze lile bakuli namna lilivyokuwa likijazwa siku zote, na kichuguu chake juu. Nikalimwaga kwenye sahani. Akaweka jiwe la kilo upande wa pili. Sahani ya korosho haikuinuka. Akaongeza la robo. Ndipo zikasimama sawa. Alikaa kimya muda mrefu akiyatazama yale mawe mawili. Kila alipolipia kilo nne, alikuwa akichukua ya tano bure.

Nimekuwa nikiifikiria jioni ile kwa karibu miaka thelathini. Ingekuwa rahisi kusema mjomba alikuwa mwizi, na isingekuwa kweli. Alikuwa mtu wa swala tano. Alitusomesha watoto wa dada zake, kwa kuwa kwa mila zetu mjomba ndiye mlezi, na jirani akifiwa alikuwa wa kwanza kufika na sukari. Maadili alikuwa nayo. Ila yalikuwa na mpaka, na mpaka ule ulipita katikati ya mstari wa watu dukani kwake, kati ya mama na yule bibi. Upande huu wa mpaka palikuwa na ndugu, na ndugu hupimiwa. Upande ule palikuwa na wateja, na wateja ni biashara.

Ndiyo maana simwamini sana mfanyabiashara anayeniambia tu kwamba yeye ana maadili. Wengi wetu tunayo. Ninachotaka kujua ni yanafika kwa nani. Je, yanamfikia mkulima asiyejua kusoma? Yanamfikia kibarua wa siku moja? Mteja aliyepita kwa basi na hatarudi tena? Sijakutana bado na mtu anayempunja mama yake.

Baada ya msimu ule mjomba alikwenda kwa sheikh aliyetufundisha madrasa. Hakwenda kuulizia dhambi. Ile aliijua, na sura ya 83 ya Kurani yenye jina la wapunjaji alikuwa ameihifadhi tangu utotoni. Alikwenda kuuliza afanyeje, maana Februari ingerudi na watu wangekuja tena. Sheikh akamweleza habari ya biashara ya salam, ambayo wafanyabiashara Waislamu wameijua tangu Madina. Mnunuzi analipa leo, tena analipa thamani yote, na mazao yanaletwa baadaye. Inaruhusiwa, kwa sababu mkulima anahitaji fedha kabla ya mavuno. Masharti yake ni kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Mkulima akikwama, mnunuzi ama anangoja ama anarudishiwa kile alichotoa, bila nyongeza.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoona ukali wa mafundisho yale. Kwa sura ya nje, kangomba na salam hufanana kama mapacha: fedha leo, korosho kesho. Mjomba hakukatazwa kupata faida. Alikubaliana na mkulima bei iliyo chini kidogo ya ile aliyoitarajia msimuni, na mkulima akaijua siku hiyohiyo. Kilichokatazwa ni ile kilo ya tano, iliyokuwa ikijificha ndani ya bati lenye maua.

Mabadiliko yale yalimgharimu. Msimu uliofuata aliandika kila kitu kwenye daftari, kilo na tarehe, na akawasomea wenye deni mbele ya shahidi. Faida ikapungua. Mwenye duka la barabara ya pili aliendelea na bakuli, na baada ya misimu miwili akanunua gari. Kwetu paa la duka lilivuja mwaka mzima. Wapo pia waliochukua fedha zake na usiku wakauza korosho kwa lori la mnunuzi mwingine, na wapo waliomletea magunia yaliyotiwa mchanga chini. Nayasema haya kwa sababu makala nyingi za uadilifu humchora mkulima kama malaika. Mkulima ni mtu. Bakuli lilikuwa limemfundisha kwamba biashara ni kuviziana, naye akajifunza. Habari za korosho zetu kukutwa na kokoto Vietnam zilipotoka, sikushangaa, niliona aibu. Kokoto zile na kile kichuguu cha bakuli ni mtoto na mzazi.

Mama alimwuliza kaka yake mara moja, mbele yangu, kama hajutii. Alisema amechoka kuinama. Nilidhani anasema mgongo.

Mwaka 2007 ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima akawa anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, zinawekwa ghalani na kuuzwa mnadani. Kununua nje ya mfumo ni kosa. Mwanzoni nilidhani kangomba imekufa. Haikufa, kwa kuwa njaa ya Februari ilikuwa palepale. Novemba 2018 wanunuzi binafsi walipogoma kupandisha bei, Serikali ikaamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likatumwa kuzisomba. Kabla ya malipo ukafanyika uhakiki: mtu aoneshe shamba lake. Wakajitokeza watu wenye tani za korosho ilhali hawana mkorosho hata mmoja. Nilisimama kwenye uwanja wa chama nikawatazama. Baadhi yao niliwafahamu vizuri. Tumeswali nao, tumezikana nao.

Sasa duka ni langu. Mjomba alinirithisha pamoja na mizani, ingawa siku hizi natumia ya kidijitali, na Wakala wa Vipimo hupita kuikagua. Sheria ninayo, mzani ninao. Naweza kudhani mtihani umekwisha.

Februari iliyopita alikuja kijana mmoja, baba wa watoto watatu, saa ya kufunga. Shikamoo yake niliisikia kabla sijamwona uso. Alitaka shilingi 60,000. Mtoto wake mkubwa alikuwa ameanza kidato cha kwanza na hana sare, na ndani hamna unga. "Kaka, nichukulie magunia mawili ya msimu," alisema. "Mwenyewe nimeridhia."

Nilipiga hesabu, siwezi kukataa. Hata kwa bei mbaya ya mnadani, magunia mawili yangenirudishia fedha ile mara kadhaa. Na mimi nina mtoto chuoni. Neno lililonikaa ni lile la kuridhia. Tunalipenda sana neno hilo wafanyabiashara: mwenyewe aliridhia, mwenyewe alitia sahihi. Lakini mtu aliyeshikwa na njaa ataridhia chochote utakachomwekea mbele. Kwa hiyo asiyekuwa na njaa ndiye mwenye kuamua bei iweje, na siku ile asiyekuwa na njaa nilikuwa mimi.

Nilimpa kiroba cha unga cha kilo 25 na fedha ya sare, vyote mali kauli, bei ileile ya mwenye fedha mkononi, alipe shilingi kwa shilingi chama kikimlipa. Hakuamini. Aliuliza mara mbili kama hakuna riba.

Nisijipambe. Mtaji wangu ni mdogo, na fedha ikilala nje miezi tisa, rafu zinakauka. Kila Januari natenga kiasi nitakachokopesha, na kikiisha kimeisha. Mwaka huu kiliisha wiki ya tatu ya Februari. Waliokuja baada ya hapo niliwaambia sina, na nikawaona kwa macho yangu wakivuka barabara kwenda kule kwenye bakuli. Hapo ndipo sina jibu. Mikono yangu ilikuwa safi, na vyungu vyao vilikuwa vitupu. Yule mwenye bakuli, kwa ubaya wake wote, aliwapa unga usiku ule, mimi sikuwapa. Amewahi kuniambia hivyo usoni, na sikupata la kumrudishia. Mke wangu anasema tuwashawishi wenye maduka wengine watatu tuchange mfuko mmoja wa miezi ya njaa, tukopeshe kwa masharti yanayojulikana. Tumewaita mara mbili. Mara ya kwanza alikuja mmoja. Mara ya pili walikuja wawili.

Yule kijana alikuja Novemba, malipo ya mnada wa pili yalipoingia. Ubwiri unga ulikuwa umelipiga shamba lake, salfa aliichelewesha, na gunia moja tu ndilo lililokubaliwa daraja la kwanza. Aliweka fedha mezani, akazihesabu mwenyewe kwa sauti, zikafika nusu ya deni. Akanyamaza akisubiri nitakachosema. Binti yangu, aliyekuwa likizo, ndiye aliyefungua daftari. Aliandika kilicholipwa, akaandika kilichobaki, akaligeuza daftari ili naye asome. Namba ilikuwa ileile, haijaongezeka hata shilingi moja. Alisoma, akaweka kidole juu yake, akaomba mpaka msimu ujao.

Kabla hajaondoka alitaja jina la mdogo wake, aliyeoa mwaka huu, na akauliza kama Februari naye anaweza kuja. Nimeshaagiza unga.